Lita Iliyolimwa na Lita Iliyookolewa

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, aliyoisoma Magamba siku ya sherehe ya miaka kumi



 Ni desturi ya sherehe kama hii kuhesabu mafanikio. Kazi hiyo Bwana Mwenyekiti amekwisha kuifanya vizuri, wala sitaki kuirudia. Mimi nitasema juu ya jambo moja tu ambalo bado hatujalimaliza, nalo ni mafuta yanayoendesha magari yetu. Nimelichagua kwa sababu katika mkutano mkuu ujao mtatakiwa kulipigia kura, na mpiga kura hana budi kujua anachokipigia.

Kila mmoja wetu anajua kuwa Katavi iko mbali na bandari. Dizeli tunayoitumia hushushwa pwani, ikasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kabla haijafika Mpanda. Mahindi yetu, karanga zetu na tumbaku yetu nayo hufuata njia hiyohiyo kwenda kwenye soko. Mnunuzi anapopanga bei ya gunia, kwanza huondoa gharama ya usafiri. Kinachobaki ndicho anachotupa sisi. Kwa hiyo dizeli ikipanda bei, mkulima wa Magamba hupungukiwa hata kama hana gari wala baiskeli. Mafuta si shauri la madereva peke yao.

Basi baadhi ya wanachama, na hasa vijana, wameleta ombi. Wanataka kila mwanachama apande eka moja ya mbono. Chama kinunue mashine ya kukamua na mtambo wa kutengeneza bayodizeli, yaani dizeli inayotokana na mimea. Kisha Chama kinunue magari ya haibridi, yale yanayotumia injini na umeme kwa pamoja, ili mafuta hayo machache yafike mbali. Wapo waliolicheka ombi hili. Mimi silicheki. Nimelichunguza kwa muda wa miezi kadhaa, nikaona kwamba nusu yake ni hekima na nusu yake ni hatari. Niruhusuni nizitenganishe nusu hizo mbili.

Fikira hizi si ngeni duniani. Mwaka 1900 palikuwa na maonyesho makubwa mjini Paris, Ufaransa. Miongoni mwa mitambo iliyoonyeshwa ilikuwamo injini ya aina aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye jina lake tunalitaja kila siku kwenye vituo vya mafuta bila ya kujua kuwa ni jina la mtu. Injini hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga! Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiyafikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga hustawi. Katika maonyesho hayohayo liliwekwa gari la umeme la kiwanda cha Lohner cha Vienna, ambalo mota zake zilikuwa ndani ya magurudumu. Aliyelibuni ni kijana Ferdinand Porsche, asiyetimiza bado miaka 25. Wakati huohuo Porsche aliunda gari jingine lililokuwa na injini ya petroli ya kuzungusha jenereta ya kuzipa mota hizo umeme. Hivyo mafuta ya mbegu na gari la haibridi yote mawili yamekwisha kupita umri wa miaka mia moja. Yaliachwa kando kwa kuwa mafuta ya kuchimbwa yalikuwa rahisi kupatikana.

Lakini mafuta ya mbegu yalivyo yana kasoro moja: ni mazito. Yakitiwa katika injini ya siku hizi, huziba pua za kupulizia mafuta, na masizi hujaa ndani. Mwaka 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, Ubelgiji, aitwaye Chavanne, alipata hataza ya njia ya kuyafanya yawe mepesi. Mafuta aliyoyatumia ni ya mawese kutoka Kongo, nchi tunayotazamana nayo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1938 basi la abiria lilikwenda baina ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo.

Njia yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Mafuta ya mbegu huchujwa na kupashwa moto kidogo. Huchanganywa na spiriti iitwayo methanoli, kiasi cha lita 20 kwa kila lita 100 za mafuta, pamoja na kostiki soda kidogo, ileile wanayoitumia mama zetu watengenezao sabuni. Baada ya kutulia, gliserini hushuka chini, na juu hubaki bayodizeli, karibu lita 100 vilevile. Hiyo huoshwa kwa maji na kukaushwa, ndipo itiwe katika injini ya dizeli. Nguvu yake kwa lita ni pungufu kidogo kuliko ya dizeli ya kawaida. Lakini wanachama wajue kwamba methanoli ni sumu: mtu akiinywa anaweza kupofuka au kufa, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Si kazi ya kufanyiwa uani penye watoto.

Sasa nije kwenye haibridi. Wengi wetu tumekwisha kusafiri kwa treni kutoka Mpanda kwenda Kaliua na Tabora, ambako kipande cha reli cha Mpanda hadi Kaliua kilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mgodi wetu wa risasi. Vichwa vya treni vya dizeli vya Shirika letu la Reli vimezoeleka kuwa na namna hii: injini ya dizeli haizungushi magurudumu yenyewe, bali huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huzungusha mota zilizo kwenye magurudumu. Hapo basi tumekwisha kuiona nusu ya haibridi kwa macho yetu.

Nusu ya pili ni betri. Gari la kawaida likifunga breki, mwendo wote hugeuka kuwa joto na kupotea bure. Gari la haibridi likifunga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na sehemu ya mwendo huo huingia katika betri. Likisimama, injini huzimika. Likiondoka, betri husaidia kusukuma. Aliyeteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa atanielewa nisemapo kwamba mlima mzima wa mafuta hupotea katika breki zetu. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza gari lake la haibridi, Prius, mwaka 1997 huko Japani. Gari la namna hiyo, likiendeshwa mjini penye kusimama na kuondoka mara kwa mara, huokoa kadiri ya robo hadi theluthi ya mafuta. Katika barabara ndefu iliyonyooka, faida hupungua sana.

Hapa sina budi kutoa onyo. Magari ya haibridi yanayoletwa kwetu kutoka Japani, yale madogo mnayoyaona, karibu yote ni ya petroli. Bayodizeli haiwezi kutumika katika injini ya petroli. Atakayeitia ataiharibu injini. Haibridi za dizeli zimekuwapo, mathalani Peugeot 3008 iliyotolewa mwaka 2011, lakini ni chache na zina gharama kubwa, kwa sababu injini ya dizeli yenyewe ni ghali, na betri na mota huongeza ghali juu ya ghali. Tena betri kubwa ya haibridi ina umeme wa volti 200 na zaidi, unaoweza kuua. Fundi asiyefunzwa asiiguse. Kwa hiyo wanaofikiri kwamba watakamua mbono jioni na kuyatia mafuta yake katika haibridi ya mtumba asubuhi, wamekosea.

Ndugu wanachama, mpaka hapa nimesema habari za mitambo. Sasa nataka kusema habari za shamba, maana ndiko hatari iliko.

Katika miaka ya 2000 mbono ulisifiwa nchi nzima. Ilisemwa kuwa hustawi katika ardhi duni, haulindwi, haunyweshwi, na mbegu zake ni dhahabu. Hapa Mpanda kampuni ya Prokon ilifanya kilimo cha mkataba na wakulima wadogo, yaani mkulima alibaki na ardhi yake na kampuni ikawa mnunuzi. Kisarawe, mkoani Pwani, njia ilikuwa nyingine. Kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji. Mwaka 2011 kazi ikasimama, na wanavijiji wakabaki bila ajira na bila ardhi yao. Serikali ilikuwa imetoa mwongozo wa nishati ya mimea mwaka 2010, lakini ulifika wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Mwaka 2007 mimi nilikuwa kidato cha pili. Nililisoma gazeti moja lililousifu mbono, nikaja nalo nyumbani kwa furaha. Nilimsomea marehemu baba yangu, nikamwambia, "Baba, panda." Baba alikuwa na eka tatu. Eka moja, iliyokuwa ya karanga, akaipanda mbono kwa kunisikiliza mimi mwanawe niliyesoma. Hatukutia saini mkataba na mtu yeyote. Tuliona wengine wanapanda, nasi tukapanda. Mwaka wa tatu tulivuna debe mbili na kitu. Kwa kuwa hatukuwa na mkataba, hakuna aliyelazimika kuzinunua, nazo zikakaa pembeni mwa ghala hadi zikaota ukungu. Karanga hazikuwapo, na ada yangu ya mwaka ule ikalipwa kwa kuuzwa baiskeli ya baba, ambayo ndiyo iliyokuwa miguu yake. Hakunilaumu hata siku moja. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, safari nyingine unisomee na upande wa pili wa karatasi."

Leo ninausoma upande huo wa pili mbele yenu.

Mwaka 2009 huko Kenya watafiti, miongoni mwao wa Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto kilichoko Nairobi, waliyachunguza mashamba ya mbono ya wakulima wadogo. Waliona mavuno ni haba mno na hasara ni kubwa. Shauri lao lilikuwa moja: mbono upandwe kuwa ua wa kuzunguka shamba, usipandwe kuwa shamba. Mti huo unaishi katika ardhi kame, ni kweli. Lakini kuishi si kuzaa. Mtu naye anaweza kuishi kwa mlo mmoja, ila usimtegemee kulima.

Sasa tupige hesabu. Kwa mashine ndogo, lita moja ya mafuta hutaka kilo 4 hadi 5 za mbegu za mbono. Tuchukue kilo 5. Tuseme lori letu linatumia lita 30 kwa kila kilomita 100. Kwenda Tabora na kurudi ni kilomita 700 hivi. Hizo ni lita 210, yaani kilo 1,050 za mbegu. Tuseme hekta moja inatupa tani moja kwa mwaka, nayo ni kadirio la ukarimu, kwani wengi hawakuifikia. Basi safari moja tu ya lori moja inakula mavuno ya mwaka mzima ya zaidi ya eka mbili na nusu. Likienda safari 20 katika msimu, litakula eka 52. Nani kati yetu atazitoa eka hizo? Naye atakula nini?

Tugeuze hesabu upande wa pili. Tuseme hatupandi hata mti mmoja, lakini tunaokoa moja ya tano ya mafuta ya lori hilo. Hatulirudishi tupu, bali linarudi na mbolea ya wanachama. Matairi yanapimwa upepo kila Jumatatu. Kichujio cha hewa kinasafishwa, maana vumbi letu mnalijua. Injini haiachwi ikinguruma wakati dereva anakunywa chai. Katika safari 20 tutakuwa tumeokoa lita 840. Lita hizo zingetaka kilo 4,200 za mbegu, yaani zaidi ya eka kumi za mbono. Eka kumi, bila jembe, bila palizi, bila mvua! Lita iliyookolewa haihitaji shamba. Hii ndiyo maana ya maneno yangu yote ya leo: kwanza punguza haja, kisha ndipo utafute cha kuijaza. Wanaoanza kwa kulima mafuta kabla ya kuziba tundu la pipa wanachota maji kwa pakacha.

Na hiyo ndiyo hekima iliyo ndani ya ombi la vijana wetu. Wao walitaka kuunganisha mafuta ya mimea na haibridi, na muungano huo ni sahihi, maana mafuta ya mimea ni machache na haibridi ni mashine ya kubana matumizi. Walichokosea ni utaratibu tu. Waliweka shamba mbele na akiba nyuma.

Wengine watauliza: kwa nini tusitumie alizeti au karanga, tunazozijua? Jibu ni kwamba nchi yetu bado inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka ng'ambo. Mnakumbuka bei ya mafuta ya kupikia ilivyopanda mwaka 2022. Mwenye kuyachoma mafuta ya alizeti ndani ya injini huchoma kitoweo cha jirani yake, tena huchoma bidhaa inayouzwa bei kubwa kuliko dizeli anayotaka kuiepuka. Wazee wa Tabora wanaweza kutukumbusha pia mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kuipatia Uingereza mafuta. Ulifungwa mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Walikuwa na matrekta. Walichokosa ni kuiuliza ardhi.

Basi kwa heshima naleta mapendekezo matano, myafikiri kabla ya mkutano mkuu.

Kwanza, kila gari na pikipiki ya Chama iwe na daftari. Kila lita inayoingia na kila kilomita inayokwenda iandikwe na kusomwa mbele ya wanachama kila baada ya miezi mitatu. Na daftari la gari ninalolitumia mimi lisomwe la kwanza.

Pili, gari dogo la wakaguzi litakapochakaa, Bodi ilinganishe bei ya haibridi ya petroli na ya gari la kawaida, ikihesabu pia bei ya betri na ujuzi wa mafundi waliopo Mpanda. Tusinunue kwa sifa wala tusikatae kwa hofu. Kwa lori, tusidanganyike: haibridi haitalifaa katika safari ndefu kama litakavyofaa lile daftari.

Tatu, mbono upandwe kwenye ua na mipaka tu, kwa apendaye. Asitoe hata tuta moja la mahindi au karanga. Watoto waonywe, kwa kuwa mbegu zake zina sumu, na mashudu yake hayalishwi mifugo. Yatiwe shambani kuwa mbolea.

Nne, mbegu za ua zikipatikana za kutosha, zijaribiwe kwanza katika injini ya kusaga iliyoundwa kustahimili mafuta ya mbegu, si katika gari. Huko Engaruka, wilayani Monduli, shirika la TaTEDO lilikwisha kufunga injini ya namna hiyo. Tupeleke vijana wetu wawili wakajifunze, wakaulize pia yaliyoshindikana.

Tano, asitokee mwanachama wa kupanda zao lolote jipya la kuuza kwa mgeni bila mkataba uliopitia Chama, wenye bei, mizani, siku ya malipo, na dhamana iliyowekwa benki. Kama dhamana haipo, mkataba haupo. Chama kiliundwa ili mkulima asisimame peke yake mbele ya mnunuzi. Kama hatulifanyi hilo, sherehe hii ni ngoma tu.

Bwana Mwenyekiti, ninawaomba vijana wenye ombi lao wasivunjike moyo. Katika miaka kumi hii wengi wetu tumezoea kungoja fikira zitoke mjini. Wao wametoa yao wenyewe. Nataka wawe wa kwanza kushika yale madaftari. Mwaka kesho, siku kama hii, mmoja wao asimame hapa nilipo, atueleze ni lita ngapi tumeokoa, na kila lita aitaje kwa eka, ili tuione.

Yule mzee aliyeuza baiskeli yake alikwenda kwa miguu mpaka mwisho wa maisha yake. Ile eka ya mbono tuliing'oa, na sasa ina karanga. Miti sita tuliiacha mpakani, imekuwa ua mzuri, na mbuzi hawaigusi. Kila nikipita hapo nakumbuka kwamba mti haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la aliyesoma nusu ya karatasi.

Haba na haba hujaza kibaba, na tone na tone hujaza tangi.